Hoteli zenu za dola zinatufukuza mjini, na karatasi ya kisheria hakuna!

Jamani wa L'shi, Lubumbashi yetu, leo nimechoka kunyamaza. Karatasi imebandikwa kwa gundi kwenye mlango wetu, tena ule wa nyuma: wapangaji wote wa chini watoke ndani ya siku 15, jengo linavunjwa, "hoteli ya kisasa" inakuja. Muhuri hakuna. Jina la aliyeandika hakuna. Kuna sahihi moja iliyozungushwa kama waya wa antena, na chini yake namba ya simu. Ukipiga, anapokea sentineli, mlinzi wa mlangoni, anakuambia patron amesafiri.

Sisi ni washonaji, mama wa fotokopi, kijana wa kutengeneza simu na kinyozi, katika jengo la zamani si mbali na Posta. Majengo yale mnayajua, yale ya enzi mji ukiitwa Elisabethville, yenye baraza mbele: mvua ya Januari inamwagika, wewe unapita chini ya paa, nguo ya mteja mkononi, hulowi. Mzee mwenye nyumba, Mungu amrehemu, alitupangisha kwa mkataba. Watoto wake wameuza. Sawa, ni mali yao, wauze. Ila huyu mnunuzi anatuambia eti mkataba wetu ulikufa pamoja na mzee.

Ulikufa wapi? Congo iliingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, mwaka 2012, na sheria ya OHADA ya mambo ya biashara iko wazi: nyumba ya biashara ikibadilisha mmiliki, mkataba unaendelea, mwenye nyumba mpya anakalia kiti cha yule wa zamani. Na mkataba usio na muda maalumu hauvunjwi kwa chini ya miezi 6 ya taarifa. Siku 15 wamezitoa wapi?

Watu wa mnunuzi wanapenda kututajia kifungu cha 127 cha sheria hiyo. Ndiyo, kinamruhusu mwenye nyumba akatae kuendelea na mpangaji akitaka kubomoa na kujenga upya. Lakini wanasoma mstari wa kwanza wanafunga kitabu! Endeleeni kusoma. Lazima aonyeshe kazi anayotaka kufanya ni ipi na itakuwaje. Mpangaji ana haki ya kubaki ndani hadi kazi ya kubomoa ianze. Jengo jipya likisimama, yeye ndiye wa kwanza kupewa nafasi. Na kama jengo jipya ni la matumizi mengine, au hakupewa nafasi, mwenye nyumba anamlipa fidia ya kumtoa. Matumizi mengine, mama zangu! Duka la kushona linageuka vyumba vya kulala, hayo si matumizi mengine ni nini? Tulipompelekea kijana wa mnunuzi ukurasa huo, alicheka, akasema, "Mama, hayo ni mambo ya Kinshasa."

Ndipo hasira yangu ilipoanzia, kusema kweli. Siyo kwenye kubomolewa. Kwenye kile kicheko.

Najua kuna atakayekuja hapa chini kuniandikia "nyinyi hamtaki maendeleo". Nani kasema? Mji huu umezaliwa 1910 kwa ajili ya shaba, na wageni wa shaba lazima walale mahali. Park Hotel iko pale katikati tangu wakati wa Wabelgiji, hoteli ya Karavia iko kwa ziwa, na hakuna fundi aliyewahi kulia juu yao. Leo watu wa kobalti wanashuka kutoka Kolwezi, Likasi, Fungurume, wanakuja kuona benki na kukamata ndege kule uwanja wa Luano. Vyumba vinajaa, bei ni dola. Vizuri. Basi mwenye kupokea dola usiku kwa usiku anashindwaje kumlipa fidia mshonaji anayelipa kodi yake ya patenti kila mwaka?

Na tuliobaki jirani na hoteli iliyokwisha kujengwa kwenye kona tunaona. Iliunganishwa kwenye kabini ileile ya umeme tunayotumia sisi. Tangu siku hiyo pasi yangu saa za jioni haichomi, inapapasa tu kitambaa. Umeme ukikatika, gurupu yao, jenereta, inaunguruma na moshi wote unaingia barazani kwetu, suti nyeupe ya bwana harusi nimeifua tena kwa gharama yangu. Kwenye shantie nyingine ya ujenzi, mabati yamekula njia yote ya miguu, watoto wa shule wanashuka barabarani kati ya teksi. Mjakaranda uliokuwa pale ulikatwa Jumapili asubuhi, watu wakiwa misani. Kibao cha ruhusa ya ujenzi sijakiona mimi, na wewe ukikiona nipigie picha.

Kazi? Wasichana ninaowafundisha kushona wameahidiwa watachukuliwa "kwenye hoteli". Kufanya nini? Kufua mashuka. Waliingia kwangu wakate gauni.

Sasa naomba msaada wa kweli, siyo "pole mama". Mahakama ya biashara ipo hapahapa Lubumbashi. Nani amewahi kufika huko kwa kesi ya fidia ya namna hii? Kufungua kesi ni kiasi gani, na wakili alidai asilimia ngapi? Na wapangaji wa avenyu nyingine mliopewa ile karatasi nyingine ya "makubaliano" pamoja na bahasha ya pesa ya mwezi mmoja: msisaini kabla ya mtu kuwasomea, maana imeandikwa ndani kwamba umeridhika na hudai chochote.

Na wewe uliyenunua, najua watu wako wanasoma hapa. Garanti, pesa ya dhamana tuliyompa mzee, iko kwa nani? Karatasi yako ya gundi haikuitaja.