Mama kaacha 1,240,000 za sadaka. Tuzipeleke wapi?

BintiMuheza ameuliza:

Assalaam aleikum wakuu, na habari za jioni kwa wote.

Mama yangu alifariki mwezi wa tatu. Alikuwa akiuza chai na vitumbua stendi ya Muheza, alfajiri mpaka saa nne, tangu mimi sijaanza shule. Baada ya arobaini tulifungua sanduku lake, tukakuta kopo la Blue Band limefungwa kitambaa, na pembeni daftari dogo la mistari. Kumbe kila siku akimaliza mauzo alikuwa akitenga kitu. Mia mbili, mia tano, siku ya gulio elfu moja. Ameandika kwa penseli tarehe na kiasi, na juu ya ukurasa wa kwanza: "Sadaka. Isiguswe." Kopo likijaa alipeleka kwenye kikoba. Tumejumlisha na walichotukabidhi wenzake wa kikoba, ni shilingi 1,240,000.

Sasa ndugu hatuelewani. Kaka anataka tuchimbe kisima kijijini kwao mama, kiandikwe jina lake, kwa kuwa hiyo ndiyo sadaka inayoendelea. Shangazi anasema tuwafuturishe yatima kwenye kituo kimoja cha watoto huku kwetu. Mdogo wangu anaona tugawane, kila mtu apeleke anakotaka. Mimi ndiye ninayeshika fedha, na daftari lipo mezani kwangu. Nikiziona zile mia mbili mbili nashindwa hata kufikiri. Hela ya vitumbua hii. Sitaki iishie kwenye matumizi ya ofisi ya mtu, na sitaki iishe kwa picha za siku moja.

Naomba majibu ya aliyeona kwa macho yake sadaka ikifanya kazi, au ikipotea.

Msambaa_Mlima:

Pole sana dada, Mwenyezi Mungu amrehemu mama. Kabla hujatoka nje tazama ndani. Sadaka kwa ndugu ina thawabu mbili, ya sadaka na ya kuunga udugu. Hakuna mtoto wa dada aliyekwama shule, au mzee asiye na bima? Mwaka 2021 niliwalipia wazee wangu CHF, ile bima ya afya ya jamii, elfu thelathini kwa mwaka kaya nzima ya watu sita. Niliona heri hiyo kuliko kusubiri kuchangia maziko.

BintiMuheza:

Ahsante kaka. Ndani tumeshatazama, ada za watoto wa dada tunalipa kwa mishahara yetu na tutaendelea. Ila mama akisema sadaka alikuwa na maana ya mtu asiyemjua. Konda akikosa hela alikuwa akimpa chai na wala hamuulizi jina.

FundiPampu:

Poleni na msiba. Mwaka wa kumi na saba huu natengeneza pampu za mkono, nyingi ni zile Nira zilizokuwa zikitengenezwa hapa hapa nchini. Kwa hiyo naongelea kisima tu, mengine nawaachia wenyewe.

Hiyo fedha haichimbi kisima kirefu chenye maji ya uhakika. Atakayekubali kuchimba kwa bei hiyo ataishia juu, na kiangazi kikikaza mtabaki na shimo lenye jina la mama. Sipendi kulisema hivyo kwa mtu aliyefiwa lakini nimelishuhudia.

Halafu hata kisima kizuri, nijuavyo mimi, kinauawa na mpira. Ndani ya pampu, kwenye pistoni, kuna pete ya mpira. Nikiivua huwa namwekea mwenyekiti wa kijiji kiganjani aione, kiganja kinaifunika yote. Ikichakaa, mtu anapiga mpini mara hamsini maji hayapandi. Wiki mbili tatu wanavumilia, baadaye wanarudi mtoni. Nimekuta pampu imefungiwa mbuzi na kibao cha mfadhili bado kinasomeka vizuri. Mwaka 2009 mtandao wa wataalamu wa maji vijijini, RWSN, ulikadiria kwamba karibu pampu moja kati ya tatu katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara haifanyi kazi. Kwa nilikopita mimi sishangai.

Mwambie kaka aende kijijini, ila asiwaulize kama wanataka kisima, maana watasema ndiyo. Aulize pampu ipi imekufa, imekufa lini, na nani ana ufunguo wa sanduku la fedha za maji. Akikuta jumuiya ya watumia maji inayokusanya hata shilingi hamsini kwa ndoo, lipieni vipuri na ufundi. Apitie na ofisi ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, pale wilayani ili wajue. Asipokuta mtu anayekusanya, msiweke hela pale hata mkililiwa.

Mlezi_Wangu_Mama:

Nimesita kuandika, lakini kwa kuwa shangazi ametaja kituo, acha niseme.

Nimelelewa kituoni tangu nina miaka sita mpaka kumi na sita. Sitakitaja, walinilea kwa walichokuwa nacho. Baba alifariki, kwa hiyo kwa hukumu ya dini mimi ni yatima kweli. Lakini mama yangu yuko hai mpaka leo. Alinipeleka kwa sababu kituoni kulikuwa na shule na chakula, na yeye alikuwa kibarua. Chumbani tulikuwa kumi na wawili. Tisa walikuwa na mama, au bibi, au mjomba.

Ramadhani tulifuturishwa mpaka matumbo yakauma. Siku moja walikuja wageni makundi matatu, kila moja na biriani yake na wapiga picha wake. Tulipangwa mstari mara tatu na tukaimba mara tatu. Mfungo mosi ukiingia tunarudi kwenye ugali na maharage, na nilivaa viatu vya shule vilivyokatika soli mwaka mzima. Mama alikuwa akija mara moja kwa mwaka. Nilikuwa namchukia kwa hilo. Nimekuja kujua ukubwani kwamba ilikuwa nauli.

Wenzetu Kenya mwaka 2017 walisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto, na mwaka 2022 wakatoa mkakati wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto kwenye familia zao. Nilipousikia nililia.

Wapo watoto wasio na mtu kabisa, na hao wanahitaji mahali pa kulala. Ila mwambie shangazi aende mwezi usio na sikukuu. Aombe kuona leseni, Sheria ya Mtoto ya 2009 inaitaka. Aulize watoto wangapi wana mzazi au ndugu, na nani anawalipia nauli kwenda kwao likizo.

Jumatano_Kliniki:

Shikamoo kwa wakubwa. Dada wa Muheza, pole. Huyu ndugu wa hapo juu ameshanianzia jibu langu: nauli.

Mimi nafanya kazi chumba cha plasta, hospitali ya serikali. Jumatano ni kliniki ya mguu kifundo, watoto wanaozaliwa nyayo zimegeukia ndani. Ni karibu mtoto mmoja katika kila elfu. Zamani walikua hivyo hivyo wakikanyagia ubavu wa mguu. Siku hizi unanyooshwa bila upasuaji mkubwa, kwa njia ya daktari Ignacio Ponseti aliyekuwa Iowa kule Marekani. Unampakata mtoto wa wiki mbili, unausukuma mguu taratibu kwa kidole gumba mpaka pale unapokubali, usizidishe, halafu unaufunga hogo, yaani plasta ngumu, kuanzia vidoleni mpaka pajani. Wiki ijayo unalilowesha, unalivua, unasukuma tena kidogo, unafunga jingine. Mara tano, sita, wengine nane. Mwishoni, kwa wengi, kano ya kisigino inakatwa kidogo kwa ganzi na hogo la mwisho linakaa wiki tatu. Baada ya hapo ni viatu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma, miezi mitatu usiku na mchana, kisha usiku tu mpaka afikishe miaka minne hivi. Mguu unanyooka. Nina kijana niliyemfunga nikiwa mgeni kazini, sasa anacheza namba saba timu ya shule yao.

Plasta tunayo. Viatu tunaletewa na wafadhili. Mimi mwenyewe nipo na mshahara nalipwa. Kinachotushinda ni kumfikisha mtoto Jumatano ya pili, ya tatu na ya nne.

Mwaka jana alikuja mama kutoka milimani, upande wa Mlalo, mtoto wa wiki tatu, miguu yote miwili. Nauli ya kwenda na kurudi pamoja na kikombe cha chai ni kama elfu ishirini na tano, na yeye analima vibarua vya maharage. Alikuja mara mbili. Ya tatu sikumwona, ya nne sikumwona. Wiki ya saba akatokea. Hogo alikuwa amelivua mwenyewe kwa maji ya moto na kisu, kwa kuwa mtoto amenenepa na vidole vilikuwa vimevimba. Miguu ilikuwa imerudi kama siku ya kwanza. Nilimuuliza, kwa sauti ambayo leo najutia, kwa nini hakuja. Hakujibu. Alifungua fundo la kanga akanionyesha noti mbili za elfu mbili zilizolainika kama kitambaa, na sarafu. "Nilikuwa nakusanya," akasema. Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi kwa muda kabla sijaweza kurudi kumshika mtoto.

Hospitali ya CCBRT pale Dar waliliona hili zamani kwa akina mama wenye fistula, wale wanaovuja mkojo baada ya uzazi mgumu. Upasuaji ulikuwa bure na bado wagonjwa hawafiki. Mwaka 2009 wakaanza kutuma nauli kwa M-Pesa: mtu wao kijijini, wanamwita balozi, akimpata mama mwenye tatizo anapiga simu, nauli inaingia kwenye simu ya balozi, mama anapanda basi. Idadi ya waliofanyiwa upasuaji ilipanda.

Fedha ya mama yako, kwa nauli ya Mlalo, ni safari arobaini na tisa. Kama watoto saba hivi, tangu hogo la kwanza mpaka la mwisho.

Msambaa_Mlima:

Nimeguswa, maana Mlalo ni kwetu. Lakini nauli si imeliwa na basi? Kaka yake anataka sadaka inayoendelea.

Jumatano_Kliniki:

Huyo mtoto akijaaliwa uhai atautembelea mguu huo miaka sitini. Mwambieni kaka ahesabu hatua.

BintiMuheza:

Nimesoma la yule mama na fundo la kanga, nikalitazama kopo. Nashindwa kuandika vizuri. Dada wa kliniki, nikutumie wewe? Na nitajuaje mtoto amefika?

Jumatano_Kliniki:

Usinitumie mimi wala mtu yeyote wa humu. Nenda hospitali iliyo karibu nawe yenye kliniki hiyo, muone afisa ustawi wa jamii, aulize chumba cha plasta ni watoto gani wamekatiza. Akupatanishe na mzazi kwa ridhaa yake. Nauli mtumie mzazi mwenyewe, Jumanne jioni, ya wiki hiyo tu. Ukituma ya mwezi mzima na nyumbani kuna mgonjwa au hakuna unga, itatumika, na wewe ungeitumia. Kuhusu kujua, muulize fundi wa plasta Jumatano mchana. Hogo jipya ni jeupe, la wiki iliyopita limeshakuwa rangi ya vumbi. Picha ya mtoto usiombe.

BintiMuheza (baada ya wiki tisa):

Wakuu, nimerudi.

Kaka alikwenda kijijini. Kuna pampu mbili, moja imekufa tangu mwaka juzi. Jumuiya ipo, na ufunguo anao mama mmoja ambaye anaandika kila ndoo, hata ya mume wake. Vipuri na fundi vimekula 190,000. Kaka alishika mpini mwenyewe, anasema mara ya nane ndipo maji yalipotoka, mekundu, halafu yakasafika. Jina la mama hakuliweka. Sikumuuliza kwa nini.

Shangazi alikwenda kituoni siku ya kawaida. Amepata binti wa darasa la tatu ambaye bibi yake yuko Pongwe. Nauli za likizo zake analipa shangazi mwenyewe, hataki ziguse za kopo.

Zilizobaki, 1,050,000, ni za Jumatano. Afisa ustawi aliniambia waliokatiza mwaka huu ni kumi na moja. Tumeanza na watatu wa mbali zaidi. Mmoja alikosa wiki moja kwa sababu ya mvua, gari halikushuka, akaja iliyofuata. Wengine hawajakosa. Naandika kwenye daftari la mama, kwa penseli, chini ya mstari wake wa mwisho: tarehe, kiasi, na kijiji.

Mmoja wa hao watatu, anayetoka kijiji cha Amani, Jumatano ijayo ndiyo siku yake ya kukatwa kano. Mama yake ni msichana wa miaka kumi na tisa na anaogopa kisu, ameniomba niwe naye mlangoni. Nimeshaomba ruhusa kazini.