Luka 5 mbele ya watu wanaoishi kwa samaki: nifundishe nini?

Mama Omena, Kisumu

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu.

Alhamisi ijayo ni zamu yangu kuongoza jumuiya yetu hapa Nyalenda, na somo ni Luka 5:1-11, Petro na nyavu zake. Wengi wetu katika jumuiya hii tunakula kwa samaki. Mimi huchukua omena, yaani dagaa, ufuoni Dunga na kuziuza sokoni Kibuye kwa gorogoro, kile kipimo cha mkebe. Jirani yangu hukaanga ngege, yaani sato, kando ya barabara jioni. Kwa hiyo somo hili tunalijua kwa mikono kabla ya kulijua kwa masikio.

Shida yangu ni hii. Kila nikisikia likihubiriwa, huishia pale pale: mtii Yesu na mashua yako itajaa. Watu wanapiga makofi, kapu la sadaka linapita. Lakini kwetu yuko mama mmoja, mjane, ambaye tangu nimjue hajakosa misa ila akiwa mgonjwa, na mwaka huu mtaji wake umeisha. Mvua ilimkuta omena zikiwa zimeanikwa, zikaharibika. Kisha Aprili uvuvi wa omena ukafungwa kama kawaida, na kile kidogo alichobaki nacho kikaliwa na watoto. Nikisema Alhamisi kwamba anayetii hujaziwa nyavu, yeye atasikia kwamba hakutii.

Na kuna jambo lingine, nalisema wazi kwa sababu sisi wa ziwani sote tunalijua: jaboya, yaani mwanamke kudaiwa mwili wake ili auziwe samaki. Mwanamke anafika ufuoni alfajiri na pesa yake mkononi, na mwenye samaki anamwambia pesa peke yake haitoshi. Basi mwanamke wa namna hiyo akisikia kwamba mashua zimejaa, anawaza kwanza samaki hao ni wa nani, na huyo mwenyewe atadai nini.

Ninaamini Injili ina neno kwa mama huyu, na sitaki kumpa neno la uongo. Mnasomaje hadithi hizi mpaka mkapata kitu cha kuishi nacho Jumatatu?

Mvuvi wa Usoma

Milele na milele, amina, mama. Mimi ni Mwanglikana, msomaji katika kanisa letu dogo, na kabla ya magoti kukataa nilikuwa majini. Nitakueleza ninavyolisoma.

Usikimbilie samaki. Anza mstari wa pili: wavuvi wametoka mashuani, wanaosha nyavu. Mvuvi anayeosha nyavu amemaliza kazi. Nyavu za siku zile zilikuwa za kitani, zisipooshwa na kukaushwa zinaoza, kwa hiyo hata usiku usioleta kitu unadai kazi ya asubuhi. Mtu huyo hana la kuuza, hajalala, anataka kwenda nyumbani. Hapo ndipo Yesu anapanda mashua yake na kumwomba aisogeze kidogo kutoka ufuoni. Petro anakubali. Anakaa humo, na usingizi machoni, mpaka mahubiri yaishe. Hakuna aliyemwahidi samaki. Kwangu mimi hilo ndilo jambo la kwanza katika somo: alitoa mashua yake siku iliyokuwa mbaya, akaitoa bure.

Kisha anaambiwa atweke mpaka kilindini. Mama, wewe unajua omena huvuliwa usiku, tena usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa watu wanalala. Sasa mtu ambaye si mvuvi anakuambia ushushe nyavu jua likiwa juu! Sikiliza Petro anavyojibu: "tumefanya kazi ya kuchosha usiku kucha, tusipate kitu." Anasema ukweli wake kwanza. Yesu hamkemei, wala hamwambii kwamba imani yake ni haba. Baada ya kusema hivyo ndipo anasema, "lakini kwa neno lako nitazishusha nyavu." Mwambie yule mjane kwamba anaruhusiwa kusema mbele za Bwana kwamba amechoka na hakupata kitu. Maneno hayo yamo ndani ya Injili yenyewe, kinywani mwa mtume.

Mwaka 1986, Ziwa la Galilaya lilipopungua kwa ukame, mashua ya zamani ilionekana ndani ya matope. Wataalamu waliipima wakasema ni ya karne ile ya Bwana wetu, au karibu na hapo. Urefu wake ni kama mita 8, upana mita 2 na kitu, na imetiwa viraka vya mbao za aina nyingi. Ukiiona picha yake unamjua mwenyewe: hakuwa na pesa ya mbao nzuri, alikuwa anaunga na kile kilichopatikana. Nadhani mama wa Nyalenda angemwelewa mtu huyo mara moja.

Na sasa wale samaki. Mashua mbili zimejaa hadi zinaanza kuzama. Petro anaanguka magotini, anaogopa. Yesu anamwambia, "Usiogope." Halafu mstari wa 11, ambao wahubiri wa kujaziwa hawaufikii: wakaacha vyote. Hadithi inapoisha, Petro hana samaki hata mmoja mkononi. Waliobaki naye ni Yesu na wenzake. Ukisoma mpaka hapo, huwezi tena kumwambia maskini kwamba kapu tupu ni ushahidi wa dhambi.

Dada Neema, Kakamega

Mwambie mama huyo asikate tamaa, tunamwombea kwa jina kila jioni kama utaturuhusu. Zaburi 34:18, Bwana yu karibu nao waliovunjika moyo.

Nyar Nyakach

Nimesoma maneno ya mzee wa Usoma na nayashukuru, lakini kuna mahali sikubaliani naye, na naomba anivumilie kama binti yake.

Mzee, usiwaache samaki ufuoni haraka hivyo. Mtu aliyeshiba akisikia "wakaacha vyote" anaona ni uzuri wa moyo. Mtu mwenye njaa anauliza: waliachiwa nani? Marko 1:20 anasema Zebedayo alikuwa na watu wa mshahara mashuani. Naamini siku ile watu hao na wake zao walikula, na wengine sokoni walikula. Bwana wetu hakudharau tumbo. Yohana 21, baada ya kufufuka, wanafunzi wanatoka majini wanakuta amekwisha kuwasha makaa, samaki yuko juu yake, na mkate. Anawaambia, "Njoni mfungue kinywa." Amefufuka kutoka kwa wafu na anapika chai ya asubuhi, kwa lugha ya kwetu! Kwa hiyo mama, usimfundishe mjane huyo kwamba mtaji wake si kitu mbele za Mungu.

Sasa kuhusu jaboya, kwa sababu wengi watalipita kimya. Mimi ni wa pande za Nduru Beach. Mwaka 2011 wanawake wa huko walianza kumiliki mashua zao wenyewe, wakaajiri wanaume wa kuvua, ili wasimpigie mtu magoti kwa ajili ya samaki. Haikuwa rahisi. Mwaka 2020 maji ya ziwa yalipanda, yakafukuza watu makwao. Lakini walionyesha kwamba mambo yanaweza kuwa namna nyingine. Ukitaka andiko la kuwawekea mbele, soma Luka 8:1-3. Mariamu wa Magdala, Yoana mke wa Kuza, Susana na wengine wengi walimhudumia Yesu kwa mali zao. Magdala ulikuwa mji wa ufuoni mwa ziwa lile lile. Wanawake wenye mali mkononi walitembea na Bwana, na hakuna mahali anapowadai chochote cha miili yao. Liseme hilo kwa sauti Alhamisi. Kuna mtu hapo anahitaji kulisikia, na pengine hatainua mkono.

Halafu mstari wa 7: wakawapungia mikono wenzao katika mashua ya pili, waje wawasaidie. Kama jumuiya yenu inatumia zile hatua saba za Lumko za kusoma Injili pamoja, mkifika hatua ya sita, ya kuuliza tutende nini, msiishie kwenye kumwombea. Wenye mashua ya pili ni ninyi.

Mvuvi wa Usoma

Binti, nakubali. Nilikuwa nawaza wale wahubiri, wewe umewaza wenye njaa. Mama, chukua ya kwake kabla ya yangu.

Mama Omena, Kisumu

Asanteni sana. Nimesoma haya yote pale kibandani, nikayasoma tena usiku.

Dada Neema, ombeni, ila jina lake libaki kwangu.

Nimeamua hivi. Nitamwomba mama mwenyewe asome mstari wa tano kwa sauti, akikubali, kwa sababu akisoma yeye "tusipate kitu" hakuna atakayehitaji maelezo yangu. Kisha nitauliza swali la Nyar Nyakach, samaki wale waliachiwa nani, na niwaache wazungumze. Luka 8 nitaisoma mwishoni wanaume wakiwa bado wameketi. Wawili kati yao wana mashua Dunga.

Kuhusu hatua ya sita, nimekwisha kuongea na mweka hazina. Kuna pesa tuliyokuwa tunachanga kwa ajili ya sare za sikukuu ya somo wetu, mtakatifu msimamizi wa jumuiya. Yeye anasema iamuliwe na jumuiya nzima, na ni sawa. Nitalileta mimi. Bei ya gunia la omena nimeiuliza leo asubuhi, ili tusizungumze hewani.

Mzee wa Usoma, swali la mwisho: ile picha ya mashua ya viraka, naweza kuipata wapi niichapishe? Nataka waione.