Cobra replika yenye 1UZ-FE: kuhamia ekzosi ya stenlesi, na ufa usiokwisha kwenye flanji

Mzizima V8

Wakuu, habari za kazi. Gari ni replika ya AC Cobra iliyoundwa Afrika Kusini, bodi ya faiba, injini Toyota 1UZ-FE, V8 (silinda nane) ya lita 4, isiyo na VVT-i (mfumo wa kubadilisha muda wa valvu). Ekzosi ni za ubavuni: mabomba manne kila upande yanatokea nyuma ya tairi la mbele, yanaungana nje, kisha bomba moja lenye sailensa linapita chini ya mlango. Zote ni chuma cheusi cha kawaida, na gari linalala Kigamboni, Dar, karibu na bahari, kwa hiyo kutu imeshazila.

Upande wa kushoto kuna ufa kwenye shingo ya bomba la nyuma kabisa, pale linapoingia kwenye flanji (bamba linalofungwa kwenye hedi ya injini). Umechomelewa mara tatu na unarudi palepale. Injini ikiwa baridi inagonga tak-tak, ikipata moto mlio unapungua. Plagi za upande huo ni nyeusi, za kulia zina rangi ya kahawia safi. Sauti imekuwa kali inayoumiza masikio, na rangi ya bodi juu ya bomba imeanza kuvimba.

Nafikiria stenlesi, inchi 3 kila upande, na kuzungushia mabomba ule mkanda wa kuzuia joto. Nimpe fundi vipimo gani?

Chuma cha Gerezani

Mkuu, ufa ndio wa kushughulikia kwanza, kwa sababu usipojua umetokana na nini utaubeba mpaka kwenye ekzosi mpya.

Bomba likipata moto linarefuka. Kutoka flanji hadi kishikio cha nyuma hapo una kama sentimita 180. Joto likipanda nyuzi 400 kwa wastani, chuma cha kawaida kinarefuka karibu mm 9. Stenlesi 304 inarefuka karibu mm 12.5. Sasa kama mbele umekaza kwenye hedi na nyuma umekaza kwenye chesesi kwa bolti kavu, hizo milimita zitatafuta pa kwenda, na sehemu dhaifu ni pembeni ya mshono wa flanji. Ongeza na injini inayojipinda kwenye mauntini (mipira inayoibeba) kila unapokanyaga mafuta. Ndiyo maana kuchomelea hakusaidii, na ndiyo maana ukihamia stenlesi bila kubadilisha ufungaji ufa utarudi mapema zaidi.

Dawa yake: kishikio cha nyuma kiwe na bushi ya mpira, na tundu la bolti liwe refu, mm 20 kwa urefu wa gari. Pale mabomba manne yanapoungana, usichomelee. Weka kiungo cha kuchomekana, bomba moja liingie ndani ya lingine mm 40 hadi 50, nafasi isizidi nusu milimita, kisha springi mbili au tatu za kukishika. Kitavuja kidogo kikiwa baridi na kujibana kikipata moto. Kagua mauntini za injini kabla ya kukata chochote. Kama mpira umeachana na chuma, badilisha zote mbili pamoja.

Kwenye kununua bomba kuwa makini sana. Stenlesi nyingi ya mageti na vishikio vya ngazi ni daraja la 201, yenye nikeli kidogo na manganizi nyingi. Inang'aa vizuri dukani, lakini kwa hewa ya Kigamboni itatoa madoa ya kutu haraka. Kipimo cha sumaku hakikusaidii hapo, kwa sababu 201 na 304 zote hazishikwi na sumaku zikiwa hazijapindwa. Soma maandishi yaliyochapwa kwenye bomba lenyewe au dai cheti cha kiwandani. Pa kuulizia ni kwa wauza viungo vya mabomba ya viwanda vya maziwa na vinywaji: wana 304 yenye unene wa mm 1.5, pamoja na kona zilizopindwa tayari bila kubonyea ndani. Vipimo vyao ni mm 38, 51, 63.5 na 76, na vinakutosha. Usikubali stenlesi ipindwe kwa kujazwa mchanga na kupigwa moto. Inakunjamana upande wa ndani na kuwa nyembamba upande wa nje.

Uchomeleaji uwe wa TIG (wa gesi ya agoni). Stenlesi kwa stenlesi ni waya ER308L, stenlesi kwa flanji ya chuma cheusi ni ER309L. Flanji iwe mm 10, chini ya hapo itapinda. Ifungwe kwenye hedi chakavu au bamba nene wakati wa kuchomelea, na isifunguliwe mpaka ipoe kabisa. Kingine ambacho mafundi wengi wanaruka: gesi hiyo ya agoni ipite ndani ya bomba pia, lita 5 hadi 8 kwa dakika, ncha zikiwa zimezibwa kwa karatasi na tundu dogo la kupumulia. Bila hiyo, mshono kwa ndani unaota uvimbe mweusi kama sukari iliyoungua, na kutu na nyufa huanzia hapo.

Pistoni Nane

Kwa aliyosema mkuu hapo juu sina la kuongeza. Mimi nije kwenye inchi 3. Acha.

Injini hiyo ikiwa ya kawaida ina nguvu farasi kama 260, yaani 130 kwa kila upande. Bomba la inchi 2.5 lenye ukuta wa mm 1.5 lina nafasi ya ndani karibu sentimita za mraba 29. La inchi 3 lina 42. Umeongeza karibu nusu ya nafasi kwa hewa ileile, kwa hiyo mwendo wa moshi unapungua na unapoteza msukumo chini ya mizunguko 3,000, ambako ndiko gari linaishi kwenye foleni ya Mandela au Bagamoyo Road. Mabomba manne ya mwanzo yawe mm 38, urefu ukaribiane kadiri bodi itakavyoruhusu, yaungane kwenye 63.5.

Kuhusu mlio, ujue kwanza unatoka wapi. Mpangilio wa kuwaka wa 1UZ, yaani zamu za silinda, ni 1-8-4-3-6-5-7-2. Silinda 1, 3, 5 na 7 ziko upande mmoja, nyingine upande wa pili. Ukifuatilia upande mmoja tu, utaona 5 na 7 zinafuatana kwa nyuzi 90 za mzunguko wa krenki, kisha kuna pengo hadi nyuzi 270 kati ya 1 na 3. Upande wa pili 8 na 4 nazo zinakanyagana vivyo hivyo. Ekzosi za ubavuni hazikutani kamwe, kwa hiyo kila sikio linapata mapigo yaliyovunjika. Huo ndio mngurumo ambao watu wanaupenda kwenye V8, na hakuna sailensa itakayoufanya ulainike kama wa gari la silinda nne.

Ukitaka upungue ukali, unaweza kupitisha bomba la mm 38 chini ya gia boksi kuunganisha pande mbili, mara tu baada ya mabomba manne kuungana. Kwenye Cobra nafasi ni finyu na linashuka chini. Mimi ningeiacha hiyo na fedha yake niiweke kwenye sailensa nzuri.

Sufi na Matundu

Ukali uliouelezea una dalili zote za sailensa tupu. Sailensa za ubavuni kwa kawaida ni bomba lenye matundu lililozungushiwa sufi ya kioo ndani ya ganda. Ikishaungua na kupeperuka linabaki ganda tupu, na ganda tupu linapiga kama debe.

Vipimo vya kumpa fundi: ganda la inchi 4, bomba la ndani inchi 2.5, urefu wa sehemu yenye sufi mm 900. Matundu yawe ya mm 3, kutoka katikati ya tundu moja hadi jingine mm 5, safu zikipishana. Hapo unapata uwazi wa karibu asilimia 33. Matundu makubwa kuliko hayo yanaacha sufi itoke.

Zungushia kwanza tabaka moja la sufi ya nyuzi za stenlesi juu ya matundu, ndipo ufuate sufi ya kioo ya nyuzi ndefu. Nafasi iliyopo ni kama lita 3.9, na kiasi kizuri ni gramu 120 kwa lita, kwa hiyo pima gramu 470 kwa kila sailensa. Pima kwa mizani kweli. Ikiwa kidogo inapeperuka, ikishindiliwa sana hainyonyi sauti. Na kifuniko cha nyuma kifungwe kwa skrubu au riveti, kisichomelewe, maana sufi itahitaji kubadilishwa tena.

Mzizima V8

Nashukuru sana wakuu, inchi 3 nimeiacha. Mabaki mawili: ule mkanda wa joto, na plagi nyeusi. Fundi anasema nozeli za kushoto zinamwaga mafuta.

Pistoni Nane

Usifungue nozeli bado. Ufa uko kabla ya sensa ya oksijeni. Kati ya pigo na pigo bomba linavuta hewa ya nje kupitia ufa, sensa inaiona hewa hiyo na kuiambia kompyuta mchanganyiko umepungukiwa mafuta, kompyuta inaongeza. Ziba uvujaji, safisha plagi, tembea kilomita 50 uzitazame tena.

Sensa mpya ikae mara baada ya mabomba manne kuungana, ionje silinda zote, ikiwa imeinama kidogo juu ya usawa ili maji yasiikalie. Kabla ya kutoboa, angalia unayo ipi. Sensa nyingi za Toyota za miaka ile hufungwa kwa stadi (bolti zisizo na kichwa) mbili na gasketi, wala si uzi wa M18.

Chuma cha Gerezani

Mkanda usifunge, hasa hapa Dar. Unanyonya unyevu wenye chumvi na kuukumbatisha kwenye bomba usiku kucha. Chuma cheusi kinaoza chini yake bila wewe kuona, na hata stenlesi inapata joto kuliko ilivyokusudiwa.

Bodi ilindwe kwa nafasi ya hewa. Resini ya faiba huanza kulainika kwenye joto ambalo ekzosi inalifikia kwa dakika chache tu, kwa hiyo acha mm 30 kati ya bomba na bodi, na upande wa ndani wa bodi uweke bati la alumini lililosimama juu ya spesa za mm 10. Kwa nje, sailensa iwe na kinga ya stenlesi yenye matundu, nayo isiguse ganda. Hiyo ni ya lazima, kwa sababu dereva na abiria wote wanashuka kwa kuvuka bomba lenye moto, na shavu la mguu ndilo linaloungua.

Kabla fundi hajachomelea moja kwa moja, ashikize kwa nukta tu, gari lishushwe kwenye jeki, wakae watu wawili ndani, ndipo apime kutoka chini ya bomba hadi ardhini. Mm 120 ndiyo ya chini kabisa kwa matuta yetu, na hata hivyo utayapanda kwa mshazari.

Stadi mpya, nati za shaba, grisi ya shaba kwenye uzi. Kaza kuanzia katikati kwenda pembeni kwa hatua mbili. Pima uvujaji kabla ya kuwasha: puliza hewa ya presha ndogo kwenye mdomo wa ekzosi, pakaza povu la sabuni kila mshono. Baada ya kupata moto na kupoa mara tatu, rudia kukaza ikiwa baridi.

Sufi na Matundu

Nyongeza moja. Kila lita ya petroli inayoungua inatoa karibu lita nzima ya maji, na safari fupi haziyakaushi. Toboa tundu la mm 3 mahali pa chini kabisa pa ganda la sailensa, upande wa nyuma. Na mvua ikijaza bonde la Jangwani usipitishe gari hilo kabisa: mdomo wa ekzosi uko chini kuliko kizingiti cha mlango, na sufi ikilowa maji ya mafuriko hubaki na tope, kwa hiyo itabidi uitoe yote na kupima gramu 470 upya.