Tanga au Mwanza: mtaji wa dukani Moshi uende wapi?

Mangi wa Kiboriloni
Habari za jioni wakuu. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Moshi, linajiendesha, na nimeweka pembeni milioni 40. Kila ninayekutana naye ananiambia nenda Tanga, mji umeamka. Shemeji yangu yeye kang'ang'ania Mwanza. Nina mawazo matatu: kununua kiwanja Chongoleani, kule Tanga bomba la mafuta linakoishia, nijenge vyumba vya wageni, kupeleka mazao Tanga, au kuleta dagaa wa Mwanza niwauze kwa jumla sokoni Mbuyuni hapa Moshi. Kuhama sihami, watoto wanasoma hapa. Wenye uzoefu nipeni ukweli.

Mtanga Mlimani
Mangi, mimi kwetu Ngamiani, Arusha nipo kikazi. Mji umeamka kweli, hilo madalali hawajalitunga. Zamani bandarini, pale gatini, kina kilikuwa kama mita 3 tu. Meli ilitia nanga nje, zaidi kidogo ya kilomita moja na nusu, mzigo unashushwa kwenye matishari, unakokotwa mpaka gatini, unashushwa tena. Kazi moja unailipia mara mbili, ndiyo maana matajiri wa Arusha walitupita wakaenda Dar au Mombasa. Serikali imeweka shilingi bilioni 429 pale, kina kikafika mita 13 na gati la mita 450. Meli sasa inafunga yenyewe.

Ila kiwanja Chongoleani usikikimbilie. Tangu jiwe la msingi la bomba la mafuta liwekwe 2017, dalali wa kule anakuuzia bomba, ardhi ni nyongeza. Bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima linataka watu wengi wakati wa kulifukia. Likishaanza kusukuma mafuta linaangaliwa na watu wachache sana. Hivyo vyumba vyako atalala nani?

Mzee wa Reli
Mtanga kasema vizuri, naongeza kwa sababu nyie wengi hamkuiona Tanga ya zamani. Reli ilianza kujengwa pale 1893, ikafika Moshi mwanzoni mwa miaka ya 1910, Arusha 1929. Mwaka huohuo wa 1893 ndipo miche ya mkonge ililetwa na Mjerumani Hindorf. Kwa muda mrefu Tanga ilikuwa ni mkonge, na mkonge ni Tanga. Ikaja kamba ya nailoni, bei ikaanguka, mashamba yakataifishwa 1967, mji ukalala. Viwanda vilivyojengwa baadaye navyo vingi vikafunga milango.

Kwa hiyo mtu akiniambia "Tanga ni bomba" nasikia yaleyale. Mimi natazama bandari na reli. Treni ya mizigo ilirudi mpaka Moshi 2019, na kama tani zinazopita gatini zitaongezeka, kula kutakuwepo hata bomba likikaa kimya.

Msukuma wa Njiro
Naona Mwanza inasemwa kwa ufupi kwa sababu nyie ni watu wa kaskazini 😄 Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji, foleni ya kivuko imebaki hadithi. Reli ya kisasa kipande cha Isaka inajengwa. Mji ule hautegemei kitu kimoja: dhahabu ya Geita, pamba, samaki, na wateja wa kanda nzima ya ziwa.

Lakini dagaa, mangi, nakuambia kama mdogo wangu. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi inapumzika na bei Kirumba, soko la samaki la Mwanza, inapanda. Mvua ikinyesha, waliokuwa wameanikwa wanaharibika na kuangukia kwenye chakula cha kuku. Mfanyabiashara wa dagaa analala kulekule mwaloni, anashika mzigo kwa mkono, anaunusa. Wewe unataka kuagiza kwa simu kutoka Kiboriloni? Utatumiwa mchanga.

Mangi wa Kiboriloni
Nimeelewa, dagaa nafuta, na shemeji nitamwonyesha hapa. Basi mazao Tanga. Nilifikiria karoti, kabichi na viazi vya West Kilimanjaro, labda na mbao.

Mtanga Mlimani
Hapana kaka. Mboga zote hizo Tanga inaletewa na Lushoto, ni karibu mno kuliko wewe. Mbao za Shume zipo, mitiki ya Longuza pale Muheza ipo. Machungwa na nazi ni vyetu. Ukileta kabichi utarudi nayo.

Dereva wa Segera
Samahani naingilia. Mangi unauza saruji, si ndiyo? Saruji ya Pongwe, kiwanda cha Tanga, inapandishwa huku na malori, na mengi tunashuka matupu kupitia Same, Mombo, Korogwe. Mafuta yamelipiwa na mzigo wa kupanda. Dereva ukimpa mzigo wa kushuka, bei yake ni ya kuelewana, haifiki hata karibu na ya kukodi fuso kutoka sokoni. Wanaokuletea saruji unawajua kwa majina. Mimi ningeanzia hapo.

Mama Vitunguu, Kilombero
Dereva Mungu akubariki, umesema nililotaka kusema. Mwanangu wa Kiboriloni, peleka vitunguu vya Mang'ola, kule Karatu. Nauza sokoni Kilombero hapa Arusha, na nashusha Tanga kwa njia hiyohiyo. Pilau na vitafunwa vya Waswahili havipikwi bila kitunguu chekundu, na wa Lushoto hawana cha kutosha.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo watu wanapolia. Joto la pwani lina unyevu, kitunguu kibichi kikifika Tanga kinaota ndani ya wiki. Nunua kilichokauka shingo, ukikibonyeza juu kisiwe laini. Funga kwenye mifuko ya nyavu, magunia yanakipika. Lumbesa, yale magunia ya kujaza kupita kiasi, achana nazo, kwenye vizuizi vya barabarani zinakuletea maneno, na mnunuzi wa Tanga anapima kwa kilo. Risiti ya ushuru wa mazao dereva awe nayo mkononi, asiiweke kwenye begi nyuma.

Halafu usipeleke lori zima mara ya kwanza. Tani mbili tatu, umjue anayepokea. Mimi wa kwangu alinila, nikaanza upya na mwingine anayelipa nusu kabla mzigo haujapakiwa. Huna haja ya kiwanja wala fremu.

Mangi wa Kiboriloni
Mama asante sana, shikamoo. Kwa hesabu hiyo milioni 40 haiguswi hata robo. Inayobaki je?

Mzee wa Reli
Iache benki mpaka uone misimu miwili ya bei. Mang'ola wakivuna kwa pamoja kitunguu kinakuwa bure, hapo ndipo utajua kama una biashara au una bahati.

Msukuma wa Njiro
Au nunua ndama. Ng'ombe haoti kwenye unyevu.

Mama Vitunguu, Kilombero
Marahaba mwanangu. Msukuma acha utani. Mangi, njoo Kilombero asubuhi mapema kabla jua halijawa kali, magari ya Karatu yanakuwa yanashusha. Nitakuonyesha shingo kavu na shingo mbichi uzibonyeze mwenyewe. Vaa buti, kumenyesha jana.