Naomba ushauri: taa za mchana kwenye Eunos Roadster ya 1992

Wakuu, habari za leo. Nina Eunos Roadster ya 1992, injini 1.6, ile ambayo nje ya Japani inaitwa Mazda MX-5. Taa zake kubwa hulala ndani ya boneti, na gari lenyewe ni fupi, kwa hiyo mchana madereva wa daladala na malori hawanioni kabisa. Kutembea nimeinua taa muda wote sitaki. Linakuwa kama chura aliyeshtuka, halafu mota zake ni za zamani.

Nataka kufunga taa za mchana za LED, nyeupe, jozi isiyozidi wati 20. Hapo umeme unaoliwa haufiki hata ampea 2. Shida ni waya. Fundi wa kwanza anataka kuunga kwenye taa ndogo, lakini hizo hadi niwashe swichi, sasa faida iko wapi? Wa pili anataka moja kwa moja betrini, kwa kile kiboksi kinachosoma volti na kuziwasha hizo LED injini ikianza kuchaji. Betri ya gari hili iko kwenye buti, nyuma kabisa!

Mimi nafikiria rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) mbele, yenye fyuzi yake, iamshwe na waya unaopata moto, yaani umeme, ufunguo ukiwa ON, na zizime nikiwasha taa kubwa.

Aliyewahi kufanya: waya huo ulichukua wapi? Na mdomo wa bampa nikiufunga taa, rejeta itakosa hewa?

Bampa sitaki kulitoboa.