Gumzo la ukoo: Dada yuko Vienna, Austria, anakanda unga

Dada (Vienna): Assalaam alaikum wote, shikamooni wakubwa. Jamani ndo narudi hotelini sasaivi, mikono bado inanukia siagi na mdalasini, siwezi kulala kabla sijawaambia

Mama: Waalaikum salaam mwanangu, marahaba. Ulikuwa wapi mpaka usiku huu?

Dada (Vienna): Kwenye darasa la mapishi mama. Si niliwaambia kozi ya kazini pale Umoja wa Mataifa tumepewa jioni moja ya mapumziko, wenzangu wameenda kutembea madukani mi nikajiandikisha darasa la kupika vyakula vya huku, ni la wageni wasafiri, mnapika wenyewe kwa mikono yenu alafu kuna wapiga muziki humohumo jikoni. Nimepanda treni ya U1 kutoka upande wa pili wa mto Danube nikashuka Karlsplatz nikatembea, karibu na lile soko lao Naschmarkt

Kaka Mkubwa: Ulikuwa unaangalia au unapika?

Dada (Vienna): Napika kaka! Tulikuwa watu kumi, kila mtu eproni yake na bakuli lake. Mwalimu hakai mbele anahubiri, anazunguka, anakushika mkono hivi akikuona unakosea

Shangazi Tanga: Mmepika nini mwanangu nieleze vizuri usiniruke

Dada (Vienna): Shikamoo shangazi, we ndo niliyekuwa nakuwaza muda wote wallahi. Tumepika Apfelstrudel. Ni unga unakandwa unavutwa mpaka unakuwa mwembamba kama karatasi, unajazwa matufaha unakunjwa unaingia kwenye oveni. Shangazi huu unga ni MANDA. Ni manda zako za sambusa za Ramadhani, ila wenyewe hawasukumi wakachoma kidogo wakachambua kama wewe, wanavuta na migongo ya mikono

Shangazi Tanga: Wanavuta? Bila mti wa kusukumia?

Dada (Vienna): Mti unaanza nao kidogo tu. Ngoja niandike yote mara moja msinikatize. Unga wa ngano robo kilo, chumvi kidogo, mafuta ya kupikia vijiko viwili vya chakula, siki kijiko kimoja cha chai, maji ya uvuguvugu kama nusu kikombe kikubwa, hakuna yai hakuna hamira. Unakanda dakika kumi mpaka unakuwa laini kama ndewe ya sikio, unaupiga kwenye meza pah pah, unaupaka mafuta juu unaufunika na bakuli la moto unaacha upumzike saa nzima, na hapo ndo pa muhimu maana usipopumzika ukiuvuta unarudi nyuma kama mpira. Baadae unatandika kitambaa cha meza, unanyunyiza unga, unausukuma kidogo, kisha unaingiza mikono chini viganja vikitazama chini unauvuta taratibu kutoka katikati kwenda pembeni, unazunguka meza. Mwalimu anasema umeiva ukiweza kusoma gazeti kupitia kwake, na kweli alikuwa na gazeti akalipitisha chini nikaona herufi

Binamu Muscat: Mashaallah tuma picha

Dada (Vienna): [picha] [picha] hiyo ya pili ni wa kwangu, mnaona hicho kitundu pembeni? Ni pete. Mwalimu alisema mwanzo kabisa kila mtu avue pete na saa, mi nikasahau ya kidole kidogo, ikachana. Akachukua kipande cha unga wa pembeni akaziba akaniambia ukishakunjwa hakuna atakayejua

Mama: Nakumbuka hata bibi yako alikuwa anavua pete na bangili zote anaziweka kwenye kikombe kabla hajagusa unga

Dada (Vienna): Ndo hapo nilipomkumbuka mama. Nilikuwa nimesimama Ulaya katikati ya watu kutoka Korea na Brazili na wazee wawili mke na mume wa Kanada na mikono yangu inajua cha kufanya kabla mwalimu hajasema. Akaniuliza umefundishwa wapi, nikamwambia kwa mama na shangazi, Tanga, kila mwezi wa Ramadhani tangu nina miaka saba. Akaita wenzake waje waone. Nikataka kulia

Shangazi Tanga: Allah akubariki mwanangu 🤲

Mjomba Unguja: Huo unga ulifikaje huko? Maana ukisema manda na mimi nawaza baklava, yale matamu ya tabaka za unga mwembamba

Dada (Vienna): Shikamoo mjomba. Umegusa penyewe. Mwalimu alisema asili yake ni upande wa Waturuki, dola ya Osmania ilitawala mpaka Hungaria miaka mingi, na unga mwembamba wa aina ya baklava ukapanda nao mpaka huku. Mapishi ya zamani kabisa ya strudel wanayoyajua yameandikwa kwa mkono mwaka 1696, yapo kwenye maktaba ya jiji hapahapa Vienna, ila hiyo ya 1696 ni ya maziwa si ya matufaha. Kwahiyo manda zetu na unga wao ni ndugu walioachana njiani

Kaka Mkubwa: Sasa nyama. Huko si ndo kwenye schnitzel? Na umekula nini wewe, maana nchi za watu hizo nguruwe wanamtia kila mahali

Dada (Vienna): Kaka nilijua utauliza. Niliwaandikia siku nne kabla nikawaambia mimi Mwislamu, nyama yenu isiyochinjwa kihalali sili, nguruwe sigusi, pombe hapana. Wakajibu vizuri sana, wakaniwekea ubao wangu na kikaango changu pembeni, na zabibu ambazo huwa wanaroweka kwenye ramu za kwangu wakaroweka kwenye juisi ya matufaha. Hili nawaambia wote mnaosafiri, andikeni mapema msingoje kufika, maana ramu iko kwenye vitu vyao vitamu vingi na haionekani kwa macho

Binamu Muscat: Hilo muhimu sana dada asante

Dada (Vienna): Schnitzel walipika wenzangu nikaangalia. Kwa sheria ya huku ukiandika Wiener Schnitzel peke yake kwenye menyu lazima iwe ya ndama, ikiwa nguruwe lazima waandike hivyo. Nyama inapondwa mpaka inakuwa nyembamba nusu sentimita haifiki, inapita kwenye unga, yai, kisha chenga za mkate, na chenga hazikandamizwi na mkono kabisa, inaingia kwenye mafuta mengi iogelee huku unatikisa kikaango ili lile ganda lifure liachane na nyama. Na mafuta yenyewe mwalimu anapendelea siagi iliyoyeyushwa ikachujwa, nikamwambia hiyo kwetu inaitwa samli, akaiandika ukutani SAMLI kwa chaki

Mama: Samli ipo Ulaya!

Dada (Vienna): Ipo mama na inanukia vilevile. Mi natamani nikirudi nijaribu na nyama ya ndama ya kwetu iliyochinjwa vizuri, limau juu na saladi ya viazi. Viazi wanaviita Erdäpfel, maana yake matufaha ya ardhini

Mjomba Unguja: Muziki mwanangu. Umesema kuna muziki hujasema neno hata moja

Dada (Vienna): Nilikuwa nakuwekea wewe mjomba. Walikuwa watatu wamekaa kona ya jiko. Mmoja fidla, mmoja kodiani ya vitufe, wa tatu gitaa lina shingo MBILI, moja ya kawaida na nyingine nyuzi zake hazibanwi na vidole, anazidonoa tu zinatoa besi. Nilihesabu nyuzi 15

Mjomba Unguja: Fidla na kodiani! Hao ni watu wa taarab hao

Dada (Vienna): Ndo nilivyofikiri mjomba, sauti ya kodiani ilipoingia nikageuka kabisa nikadhani niko kwenye harusi ya Vuga. Unaitwa muziki wa Schrammel, jina la ndugu wawili Johann na Josef Schrammel, walianza 1878 na mwenzao wa gitaa, 1884 wakaongeza klarineti ndogo, baadae mahali pa klarineti pakachukuliwa na kodiani. Walikuwa wanapiga kwenye vilabu vya mvinyo vya pembezoni mwa mji. Nyimbo zenyewe za majonzi kidogo, mzee wa fidla akatutafsiria mmoja, ni mtu anauaga mji wake

Mjomba Unguja: Hebu tuma voisi

Dada (Vienna): [sauti, dakika 1:12]

Mjomba Unguja: Subhanallah. Sikia fidla inavyoburuza inachelewa makusudi kabla haijashuka, hilo halifundishwi kwenye karatasi. Mimi nimepiga kanuni miaka thelathini na tano nalijua. Huko hawana chombo cha nyuzi kama kanuni?

Dada (Vienna): Wanayo mjomba, zitha, inalazwa mezani inadonolewa kama kanuni kabisa. Leo hawakuja nayo lakini mpiga gitaa alinionyesha kwenye simu yake, nikamuonyesha na mimi ile vidio yako ya Idi, akaiangalia mara tatu. Anakusalimia

Mjomba Unguja: Mwambie waalaikum salaam, mwambie akija Unguja asikae hotelini aje kwangu

Dada (Vienna): Ntamwandikia. Alafu sasa sikilizeni jambo lililonifurahisha kupita yote. Mimi nilidhani muziki ni wa kutuburudisha tu wakati wa kula, kumbe wanapiga wakati wa KAZI. Tulipofika kwenye kuvuta unga mwalimu akawaangalia wakabadilisha wakapiga ule wa mapigo matatu, waltz, taratibu, na sisi tukazunguka meza, moja unaingiza mkono, mbili unavuta, tatu unasogea hatua. Mtu mwenye haraka akashindwa kuwa na haraka. Yule mzee wa Kanada mikono yake inatetemeka, alikuwa amekaa pembeni anasema ye ataangalia tu, muziki ulipoanza mkewe akamnyanyua, na wa kwao haukuchanika hata kidogo

Shangazi Tanga: Ni kama sisi tukitwanga

Dada (Vienna): Ndio shangazi, mchi na mchi, asiyejua zamu yake anaumiza mwenzie

Shangazi Tanga: Na kujaza je

Dada (Vienna): Chenga za mkate unakaanga na siagi mpaka rangi ya dhahabu unatandaza kwanza, kazi yake kunywa maji ya matunda ili unga usilowe. Juu matufaha machachu yaliyokatwa nyembamba, kilo moja na kitu kwa unga huo wa robo, sukari, mdalasini, zabibu, limau. Kisha hukunji na mikono, unanyanyua kitambaa kinajikunja chenyewe mpaka mwisho. Unapaka siagi, oveni 180 au 190, dakika arobaini hivi, katikati unapaka tena siagi

Shangazi Tanga: Matufaha ya dukani huku bei na hayana uchachu. Ntatumia embe bichi

Mama: Embe bichi wifi? Itatoa maji mengi

Shangazi Tanga: Ntazidisha chenga. Wifi niachie mimi

Dada (Vienna): Au papai bichi nusu embe nusu. Na kuna kingine tulipika Kaiserschmarrn, chapati ya maji ya mayai, ute unapigwa peke yake mpaka unasimama, ikiiva upande unaichanachana vipande kikaangoni na uma mbili unatia sukari, inapewa jina la kaizari wao Franz Joseph. Inaliwa na plamsi zilizochemshwa, na msimu wake ndo huu wa Septemba. Kwenye sufuria ya plamsi mwalimu akatia fimbo ya mdalasini na KARAFUU. Nikachukua moja nikaipasua na ukucha nikainusa nikawaambia wenzangu inavyoanikwa kwenye majamvi kule Pemba, barabara nzima inanukia. Hakuna aliyejua kuwa karafuu ni ua ambalo halijachanua

Kaka Mkubwa: Plamsi za Lushoto zinafaa

Dada (Vienna): Zinafaa sana kaka, za Lushoto zina ule uchachu

Mama: Bibi yupo hapa namsomea, anauliza eti huko ndo zilikotoka zile riale za fedha zenye sura ya mwanamke, bibi yake alikuwa nazo kwenye kasha

Dada (Vienna): Mwambie bibi shikamoo, na ndio kabisa, ni malkia Maria Theresa. Alikufa 1780 na mpaka leo wanazipiga hapahapa Vienna zikiwa zimeandikwa mwaka uleule 1780. Zilikuwa pesa ya Unguja na pwani nzima. Jumamosi nikipata nafasi ntamnunulia moja

Mama: Amecheka, anasema usimletee ya dukani, mletee hicho chakula

Binamu Muscat: Dada mi mwezi wa kumi na mbili natarajia kuja huko na wanangu, watoto wanaruhusiwa? Na bei?

Dada (Vienna): Tulikuwa na binti wa miaka kumi akavuta vizuri kuliko baba yake, ila uliza kabla maana kila darasa lina utaratibu wake. Bei ntakuandikia pembeni. Chagua la watu wachache, ukiona wamejaa ishirini hutagusa unga utapiga picha tu. Na usile mchana, maana mnakula mlichopika chote, mezani pamoja na wapiga muziki, ni hapo ndo watu wanaanza kusimuliana. Mwanamke wa Korea aliniambia mama yake aliuza maandazi yao sokoni, tukakaa mpaka wanazima taa

Mjomba Unguja: Nimesikiliza hiyo sauti mara ya nne. Nimechukua kanuni hapa natafuta njia yake. Una nyingine ndefu?

Dada (Vienna): Ninayo ya dakika sita mjomba naituma kesho, intaneti ya hapa usiku inasuasua

Mama: Lala sasa una kozi asubuhi

Shangazi Tanga: Subiri usilale. Nimeshakanda

Dada (Vienna): Sasaivi?? Si huko saa sita kasoro usiku shangazi

Shangazi Tanga: Usingizi umeniruka. Siki nilikuwa nayo, nimeupaka mafuta nimeufunika na bakuli. Saa nzima kweli au nusu inatosha

Dada (Vienna): Saa nzima shangazi tafadhali. Na kitambaa kiwe kikubwa, shuka safi pia inafaa. Na vua pete

Shangazi Tanga: Pete ya marehemu ami yako imenasa haijatoka tangu mwaka juzi. Naenda kuipaka sabuni