Tupeane uzoefu: Nice, Cannes, Menton na pwani yote ya kusini mwa Ufaransa

Mtoa mada: Wadau, leo nimeona picha ya Promenade des Anglais, ile barabara ya kando ya bahari pale Nice, mambo mengi yakanirudia. Mliowahi kufika kule, tupeane uzoefu. Mimi naanza: ufukwe wa Nice hauna mchanga. Ni mawe ya duara matupu, na jua la Julai likiyapiga hayakanyagiki.

Mkaazi wa Lyon: Kweli kabisa. Nunueni viatu vya mpira vya kuogea mapema.

Bin Pangani: Viatu vya nini? Pandeni treni mshuke Antibes au Cannes, kule kuna mchanga. Reli inafuata bahari: Cannes, Antibes, Nice, Villefranche, Monaco, Menton hadi Ventimiglia, Italia. Kaeni dirisha la upande wa bahari.

Kijana wa Nungwi: Samahani, mtu ana Nungwi na Paje, anakwenda kulipa yuro alale juu ya mawe?

Mtoa mada: Ndugu, sisi tunaishi Ulaya. Nauli ya familia nzima kwenda Zanzibar mwezi wa nane unaijua?

Kijana wa Nungwi: Naijua. Mchanga ni mchanga.

Dada wa Tanga: Mada hii imenigusa pabaya. Nilikuwa Nice na wifi yangu na mwanawe wa darasa la pili. Bahari tumeizoea, lakini yetu ni ya kupwa na kujaa: unatembea weee, maji bado magotini. Ile ya kule kupwa kwake hukuoni, asubuhi na jioni maji yapo palepale, ukiitazama unaona imetulia kama maji ya mtungi. Kumbe pale Nice hatua chache tu kutoka ukingoni, chini hakuna kitu. Mtoto alisimama maji yakimfika vifundoni. Wimbi likapiga, wala si kubwa, likarudi na zile kokoto alizozikanyaga, naye akaenda nazo. Sauti yake hatukuisikia, maana mawe yale yakivutwa na maji yananguruma. Wifi alijitosa na gauni lake. Akamdaka, lakini kila akipanda, mawe yanaporomoka na wimbi jingine linamwangusha. Mzee mmoja Mfaransa na kijana aliyekuwa akiuza vinywaji wakashikana mikono nami, tukajipanga mpaka majini. Tukamvuta mtoto, kisha mama. Magoti ya wifi yote yamechunika, mtoto anatapika maji ya chumvi. Alilazwa usiku ule waangalie mapafu. Alipona, alhamdulillahi. Yule mzee alikaa hospitali nasi mpaka saa sita usiku, na hakuna aliyemwomba.

Mama Pacha: Pole sana dada. Nimesoma huku nalia.

Bin Pangani: Pole. Siku hiyo bendera ya ufukweni ya kuonyesha hali ya bahari ilikuwa rangi gani?

Dada wa Tanga: Njano.

Mama Pacha: Mwenzio anasimulia mtoto kuzama, wewe unauliza bendera?

Bin Pangani: Nimeuliza ili wengine wajue, sikumlaumu mtu. Kijani kuoga salama, njano bahari ina hatari, nyekundu usiingie kabisa. Namba ya dharura ni 112. Nimekosea wapi?

Mkaazi wa Lyon: Hujakosea. Ungetanguliza pole ndefu zaidi.

Msafiri wa Goma: Mimi yangu ni ya treni. Tulitoka soko la Ijumaa la Ventimiglia. Tulipovuka tu mpaka, askari wakaingia. Behewa zima tulioulizwa pasi ni weusi tu. Ukaguzi huo upo tangu 2015. Pasi nilikuwa nayo, wakanirudishia bila neno. Niliumia mbele ya watoto wangu.

Kijana wa Nungwi: Nimepita pale mara nyingi, sijaulizwa kitu.

Msafiri wa Goma: Bahati yako. Wengine nawaambia: bebeni pasi yenyewe, si picha kwenye simu.

Mama Pacha: Jamani na chakula. Pale Nice mji wa kale ulizieni socca, chapati pana ya unga wa dengu za kizungu, inaokwa kwa kuni. Inaliwa ya moto na pilipili manga.

Mtoa mada: Asanteni. Dada wa Tanga, mpe wifi salamu zetu. Sasa, twende mwezi gani?

Mkaazi wa Lyon: Septemba. Maji bado yana joto, watu wamepungua.

Bin Pangani: Februari! Menton kuna sherehe ya malimau.

Mama Pacha: Februari watoto wataoga wapi?